Utepe Gani kwa Kiungo Gani: Ulinganisho wa Tepe za Gundi za Kuziba Kuta na Vizuizi vya Mvuke

Anayejenga au kukarabati nyumba nchini Kanada hufika dukani siku moja akiwa na swali linaloonekana dogo: miongoni mwa tepe zote zilizopangwa rafuni, nyekundu, buluu, nyeusi na za rangi ya fedha, upi utafunga viungo vya nailoni ya kuzuia mvuke, na upi utafunga viungo vya mbao zinazofunika ukuta kwa nje? Bei hazilingani hata kidogo. Mita moja ya utepe ghali hugharimu mara kadhaa ya mita moja ya ule wa kawaida, na kila kifungashio kinadai kwamba gundi yake ndiyo imara kuliko zote. Makala haya yanalinganisha aina zinazotumika zaidi, nayo yanashikilia kwamba utepe huchaguliwa kwa kutazama kwanza uso utakaobandikwa na upande wa ukuta utakaokaa, ndipo bei iulizwe. Yameandikwa hasa kwa ajili ya wasomaji wa Kiswahili wanaoishi au kufanya kazi za ujenzi katika miji ya baridi kali kama Winnipeg, Edmonton na Minneapolis, ingawa yanagusia pia pwani ya Afrika Mashariki, ambako kanuni zilezile zinafanya kazi kwa kugeuzwa.

Kinachozibwa ni nini hasa

Hewa ya ndani ya nyumba yenye joto la nyuzi 21 za Selsiasi na unyevu wa asilimia 40 huanza kutoa umande inapogusa kitu chenye joto la nyuzi 7 hivi au chini ya hapo. Wakati wa kipupwe, nje kukiwa na nyuzi 30 chini ya sifuri, uso wa ndani wa mbao za nje huwa umeshuka mbali chini ya kiwango hicho. Hewa ya chumbani ikipenya na kuifikia mbao hiyo, mvuke wake hugeuka maji au barafu papo hapo, na barafu hiyo huyeyuka majira ya joto yanapokaribia, ikalowanisha pamba ya nyuzi za kioo na kuozesha mbao bila mwenye nyumba kuona chochote hadi harufu ya kuvu ianze. Ndiyo maana kanuni za ujenzi za Kanada hudai nailoni ya polithini, au kitu kinachofanya kazi yake, upande wa ndani wa ukuta, yaani upande wenye joto, nyuma ya bodi za jasi.

Mvuke, hata hivyo, huvuka ukuta kwa njia mbili, na kuzichanganya ndiko kunakowafanya watu wanunue utepe usiofaa. Njia ya kwanza ni kupenya polepole katika kitu chenyewe. Kanuni ya taifa ya Kanada inataka kizuizi cha mvuke kisichopitisha zaidi ya nanogramu 60 kwa kila paskali, sekunde na mita ya mraba, na polithini ya unene wa milimita 0.15 hupitisha chini ya kumi, kwa hiyo kwa upande huo kazi imekwisha kabla utepe haujaguswa. Njia ya pili ni kubebwa na hewa inayopita kwenye matundu na viungo vilivyo wazi, na hii ndiyo njia kuu. Joseph Lstiburek, mhandisi wa Kanada aliyejulikana kwa mafunzo yake kuhusu unyevu katika majengo, amelieleza jambo hili kwa mfano unaonukuliwa mara nyingi: katika majira yote ya baridi, bodi ya jasi ya futi 4 kwa 8 isiyo na tundu hupitisha takriban theluthi moja ya lita ya maji kwa njia ya kupenya, lakini tundu la inchi moja ya mraba katika bodi hiyohiyo hupitisha karibu lita 30 kwa njia ya hewa. Utepe upo kwa ajili ya lita hizo 30. Kinachotakiwa kwake ni kushika bila kuachia kwa miaka mingi, na uwezo wake wenyewe wa kuzuia mvuke hauna uzito mkubwa kwa ukanda wa sentimita sita.

Kwa sababu hiyo kanuni hutenganisha kizuizi cha mvuke na kizuizi cha hewa, hata pale nailoni moja inapofanya kazi zote mbili. Kizuizi cha hewa hakiruhusiwi kupitisha zaidi ya lita 0.02 kwa sekunde kwa mita ya mraba chini ya shinikizo la paskali 75, na kikiwa ni karatasi laini kama nailoni, viungo vyake vinatakiwa vipishane kwa angalau milimita 100, vizibwe kwa kitu kinachopatana navyo kama vile utepe au gundi laini, na viwe na kitu kigumu cha kuvishikilia. Sharti la mwisho husahaulika kuliko yote, nami nitalirudia.

Gundi na uso wake

Tepe zote za ujenzi hutumia gundi inayoshika kwa kugandamizwa. Gundi hiyo haikauki kama gundi ya mbao. Hubaki laini, ikatambaa taratibu ndani ya vinyweleo vya uso uliobandikwa. Ndiyo maana utepe uliobandikwa kwa kupitisha kiganja juu juu na utepe uliogandamizwa kwa rola ngumu ni vitu viwili tofauti, hata kama vimetoka katika kasha moja.

Polithini ni uso mgumu kwa gundi yoyote. Kwa lugha ya maabara, nguvu ya uso wake ni takriban milinyutoni 31 kwa mita, ambayo ni ndogo, kwa hiyo gundi nyingi hujikusanya juu yake badala ya kusambaa, jinsi maji yanavyojikusanya juu ya jani la mgomba. Mbao za OSB, zile zinazotengenezwa kwa vipande vya mbao vilivyogandamizwa, zina tatizo la aina nyingine: zimechanganywa na nta ili zistahimili mvua, upande wake mmoja ni laini na mwingine una mikwaruzo, na vumbi la msumeno hujaa katika mabonde yake. Plaiwudi hupokea gundi vizuri zaidi. Zege, kwa upande wake, hutoa vumbi lisilokwisha na huwa na unyevu wa ndani, na kwa kawaida utepe mwembamba hauishiki bila kupakwa praima, yaani rangi ya awali ya kuandaa uso ili gundi ishike. Huwezi basi kuuliza utepe upi ni bora kwa jumla. Ule unaoshika nailoni kwa nguvu unaweza kubanduka kwenye OSB kabla ya Krismasi.

Jambo jingine ni mwelekeo wa mvuto. Utepe huvumilia sana ukivutwa sambamba na uso uliobandikwa, lakini ni dhaifu ukivutwa kwa kubanduliwa kutoka pembeni. Nailoni iliyoachwa ikipepea kati ya nguzo mbili, kila upepo unaposukuma na kuvuta, huubandua utepe kidogo kidogo kutoka ukingoni. Kiungo kilekile kikiangukia juu ya nguzo ya mbao, na bodi ya jasi ikafungwa juu yake kwa skrubu, utepe hupumzika, kwa kuwa mzigo umebebwa na mbao na bodi. Hiyo ndiyo sababu ya kanuni kudai kishikilizi kigumu. Fundi anayepanga nailoni yake ili kila kiungo kiangukie juu ya nguzo amefanya kazi kubwa kuliko yule aliyenunua utepe wa bei mara tatu na kuunga nailoni hewani.

Upande wa ndani: utepe mwekundu, utepe wa Ulaya, au gundi nyeusi

Katika nyumba za Kanada, utepe mwekundu wa akriliki (aina ya gundi ya plastiki) ndio mfalme wa nailoni. Uliozoeleka zaidi ni Tuck Tape, uliotengenezwa kwa miaka mingi na kampuni ya Cantech ya Montreal. Mgongo wake ni polipropilini nyembamba, gundi yake ni akriliki kali, hauna karatasi ya kubandua, na upana wake wa kawaida ni milimita 60. Hushika polithini karibu papo hapo, na ukijaribu kuubandua baada ya siku moja, nailoni hunyooka na kuchanika kabla gundi haijaachia. Kwa kiungo cha nailoni kwa nailoni, kikiwa kikavu, bila vumbi, na kimelala juu ya nguzo, sioni sababu ya kutumia kitu ghali zaidi. Udhaifu wake uko mahali pengine. Mgongo wake ni mwepesi na haunyumbuki vizuri, kwa hiyo katika pembe za vyumba huacha mikunjo inayopitisha hewa. Hauna karatasi ya nyuma, kwa hiyo hujibandika wenyewe kwa wenyewe mara tu mkono unapoteleza. Na juu ya mbao mbichi au zege hauaminiki.

Tepe za Ulaya ziliundwa kwa ajili ya nyumba zinazopimwa kwa ukali zaidi. Tescon Vana ya pro clima, kampuni ya Ujerumani, na Rissan ya SIGA, kampuni ya Uswisi, ni mifano inayopatikana Amerika Kaskazini. Zina karatasi ya kubandua, gundi yake ni nene kuliko ya utepe mwekundu, na hunyumbuka vya kutosha kuzunguka mabomba, nyaya na pembe. Tescon Vana inaweza kutumika ndani na nje, na mtengenezaji huruhusu ibandikwe hata katika nyuzi 10 chini ya sifuri. Zipo pia tepe zilizokwisha kukunjwa kiwandani kwa ajili ya pembe, ambazo huondoa kabisa tatizo la mikunjo. Gharama yake huonekana upesi: kasha la Tescon Vana lina mita 30 tu, ilhali kasha la kawaida la utepe mwekundu lina mita 66, na bado la kwanza ndilo ghali. Kuutumia katika kila kiungo cha nailoni ya kawaida ni kutupa fedha. Kuutumia mahali ambapo nailoni inakutana na fremu ya dirisha, bomba la choo, au mbao iliyopigwa randa ni fedha iliyotumika vizuri, kwa sababu ni hapo hasa hewa inapopita. Viungo virefu vilivyonyooka, ambavyo wengi huvikagua kwa makini, mara nyingi ndivyo vyenye kosa dogo zaidi. Hewa hutoroka kwenye masanduku ya swichi na kwenye ukingo wa sakafu ya ghorofa, mahali ambapo hakuna nailoni kabisa au imekatwa ili waya upite.

Mshindani wa tatu si utepe. Ni ile gundi nyeusi isiyokauka, inayouzwa katika mirija kama silikoni na kupakwa kati ya matabaka mawili ya nailoni juu ya nguzo, kisha nailoni ikapigwa pini za stepla kupitia gundi yenyewe, na bodi ya jasi ikaigandamiza. Ni chafu kupita kiasi. Ikigusa nguo, nguo imekwisha. Lakini ina sifa ambazo utepe hauna. Hujaza mabonde ya mbao mbaya na ya zege, huendelea kunyumbuka mbao zinapokauka na kusinyaa, na haihitaji nguvu kubwa ya kushika kwa kuwa imebanwa pande zote mbili. Mwaka 1977, nyumba ya majaribio ya Saskatchewan iliyojengwa Regina, ambayo mhandisi Harold Orr alikuwa mmoja wa waliosimamia usanifu wake, ilionyesha kwamba nailoni iliyozibwa kwa uangalifu inaweza kuifanya nyumba ya mbao isivuje hewa kwa kiwango ambacho wakati huo kilionekana hakiwezekani, na hilo lilifanyika kabla tepe za kisasa hazijaenea. Mahali ambapo nailoni inamalizikia kwenye sakafu ya zege ya chumba cha chini ya ardhi, chaguo langu halina shaka: gundi nyeusi na ubao mwembamba wa kuibana, wala si utepe wowote.

Uamuzi kwa upande wa ndani, basi, si wa kununua aina moja. Nyumba ya kawaida huhitaji makasha kadhaa ya utepe mwekundu kwa viungo virefu, mirija ya gundi nyeusi kwa kingo za chini na za juu, na kasha moja au mawili ya utepe unaonyumbuka kwa madirisha na mabomba.

Upande wa nje: mvua ikiingia katika hesabu

Nje ya ukuta mambo hubadilika, kwa sababu utepe haushindani na hewa peke yake. Unapokea mvua, jua, na baridi, na mara nyingi hubandikwa na mtu aliyesimama juu ya ngazi akiwa amevaa glavu. Hapa kuna mifumo miwili inayopingana kimawazo, na mjenzi anapaswa kuamua anafuata upi kabla ya kununua chochote.

Katika mfumo wa kwanza, mbao za nje hufunikwa kwa karatasi ya kuzuia maji, kama Tyvek au Typar, inayopangwa kuanzia chini kwenda juu ili tabaka la juu lipishane juu ya la chini, kama makuti ya paa. Maji huteremka kwa uzito wake, na utepe kwenye viungo hufanya kazi ya kuzuia hewa na upepo tu. Ukiachia sehemu, nyumba hupoteza joto, lakini ukuta haulowi. Kwa mfumo huu utepe wa akriliki wa kawaida unatosha, mradi mtengenezaji wa karatasi anaukubali. DuPont, kwa mfano, huuza utepe wake wenyewe kwa ajili ya Tyvek, na mwenye kutaka dhamana ibaki hai atautumia huo.

Katika mfumo wa pili, mbao yenyewe ndiyo ngozi ya kuzuia maji, na viungo hubandikwa utepe moja kwa moja. Uliojulikana zaidi Marekani ni ZIP System wa kampuni ya Huber, ambao OSB yake imefunikwa tayari kwa tabaka la kijani au la rangi nyingine, na utepe wake mweusi wa akriliki umetengenezwa kwa ajili ya tabaka hilo. Kazi huenda haraka, ukuta hufungwa ndani ya siku chache, na mbao hizo huruhusiwa kukaa wazi hadi siku 180 kabla ya kufunikwa. Ila katika kiungo cha mlalo, ukingo wa juu wa utepe unapokea maji yanayoteremka, wala hakuna tabaka linaloufunika kutoka juu. Usalama wote umewekwa kwenye gundi. Mtengenezaji anadai utepe ugandamizwe kwa rola, na dai hilo si la kupuuzwa, kwani bila rola gundi haiingii ndani ya uso, na maji hupata njia ukingoni. Nauheshimu mfumo huu kwa kasi na kwa uzuiaji wa hewa, lakini nisingeukabidhi kwa kundi la vibarua ambalo msimamizi wake haonekani kazini.

Kwa OSB ya kawaida isiyo na tabaka maalumu, ulinganisho huwa kati ya akriliki nzito na mipira laini. Wigluv ya SIGA ni akriliki iliyotengenezwa kwa ajili ya nje, nayo hupitisha mvuke kwa kiasi. 3M 8067 ni akriliki yenye karatasi iliyogawanywa, inayosaidia sana kwenye madirisha kwa sababu unaweza kubandika nusu moja kwanza. Gundi za aina hii huanza kwa unyonge na kuimarika kadiri saa na siku zinavyopita, kwa hiyo asihukumiwe fundi kwa kuvuta ukingo dakika tano baada ya kubandika. Butili, aina ya mpira wa sintetiki unaonata, ni nzito na laini zaidi. Hujaza mabonde, hushika chuma, plastiki na mbao, na hujifunga kiasi kuzunguka msumari unaopita ndani yake. Kwa kizingiti cha chini cha dirisha, ambako pembe ni nyingi, butili inayonyooshwa ndiyo chaguo rahisi.

Utepe wa lami, uliochanganywa na mpira, kama Blueskin ya kawaida, ni wa bei nafuu na mzito. Hushika vizuri wakati wa joto, lakini katika baridi huwa mgumu, na juu ya OSB au zege huhitaji praima. Haupatani na baadhi ya plastiki laini za PVC wala na baadhi ya gundi za mirija, kwa hiyo maelezo ya mtengenezaji wa dirisha yasomwe kwanza. Kuna hatari nyingine iliyo kubwa zaidi. Lami haipitishi mvuke karibu kabisa. Ukanda wake kuzunguka dirisha hauna madhara, lakini anayefurahia ubora wake na kuufunika ukuta mzima kwa karatasi ya aina hiyo, huku ndani kuna nailoni, ameifungia mbao kati ya vizuizi viwili vya mvuke. Maji yakiingia kwa njia yoyote ile, hayana mahali pa kutokea. Zipo karatasi za kubandika zinazopitisha mvuke kwa ajili ya kazi hiyo, na tofauti ya bei haipaswi kumshawishi mtu achukue ile isiyopitisha.

Alumini, na utepe wa kitambaa

Utepe wa alumini una makazi yake halisi: bodi za povu zenye uso wa alumini, na mabomba ya hewa ya joto. Uso wa chuma laini na safi hushikwa vizuri na akriliki, na alumini yenyewe haipitishi mvuke. Haunyumbuki, hata hivyo, na bodi zinapojongea kwa joto na baridi unaweza kupasuka, kwa hiyo mfumo unaoutegemea huo peke yake kuzuia hewa una mashaka.

Utepe wa kitambaa wa rangi ya fedha, ambao kila nyumba inao kwenye droo, hauna nafasi katika ukuta. Mwaka 1998 Max Sherman na Iain Walker wa maabara ya taifa ya Lawrence Berkeley huko California walijaribu aina nyingi za viziba kwenye viungo vya mabomba ya hewa, wakivipitisha katika joto na baridi kwa kurudia, na utepe wa kitambaa wenye gundi ya mpira ndio ulioshindwa. Gundi ya mpira asilia hushika mara moja kwa nguvu, jambo linalodanganya, kisha huzeeka na kuwa unga. Utepe wa karatasi wa wapaka rangi na selotepu ya maboksi havihitaji hata kulinganishwa.

Baridi, vumbi na umande usioonekana

Tofauti kati ya tepe nzuri mbili ni ndogo kuliko tofauti kati ya utepe uleule uliobandikwa vizuri na uliobandikwa vibaya. Wakati wa baridi, mbao inaweza kuonekana kavu huku ina tabaka jembamba la barafu lisiloonekana kwa jicho. Ukiibandika hivyo, umebandika barafu. Makasha ya utepe yalale ndani ya nyumba yenye joto na kutolewa moja moja. Uso ufutwe kwa kitambaa kikavu, na OSB yenye upande mbaya ipakwe praima inayopendekezwa na mtengenezaji wa utepe. Kipimo chepesi ni kubandika kipande cha urefu wa mkono, kukigandamiza kwa rola, kukiacha hadi siku inayofuata, na kukivuta: kikitoka na nyuzi za mbao, gundi imekubali, kikitoka kisafi, badili utepe au tayarisha uso upya. Kipimo hiki hakigharimu kitu, na kinasema ukweli kuliko kifungashio chochote.

Pwani, mantiki ikigeuka

Msomaji wa Mombasa, Dar es Salaam, Zanzibar au Muscat asichukue mpango wa Winnipeg jinsi ulivyo. Huko unyevu uko nje, na kiwango cha umande cha hewa ya pwani mara nyingi huzidi nyuzi 20. Chumba kinachopozwa kwa kiyoyozi, na zaidi sana chumba cha baridi cha kuhifadhia samaki au dawa, huvuta mvuke kutoka nje kuingia ndani, kwa hiyo kizuizi cha mvuke na kiziba chake lazima vikae upande wa nje. Nailoni iliyowekwa nyuma ya bodi za jasi katika chumba chenye kiyoyozi hukusanya maji upande wake wa nje na kuyafungia ukutani. Katika vyumba vya baridi vinavyojengwa kwa paneli za bati zenye povu katikati, kiungo cha nje ndicho cha kuhangaikia; utepe au gundi ya butili kati ya paneli hufaa kuliko utepe mwembamba wa juu, kwa sababu bati la nje huchomwa na jua na kujongea kila siku.

Matumizi yanayojulikana zaidi nyumbani ni nailoni ya chini ya sakafu ya zege, ile ya geji 1000, yaani unene wa takriban milimita 0.25, ya kuzuia unyevu wa ardhi. Hapa zege yenyewe hubana kiungo, kwa hiyo mpishano mpana wa sentimita 15 au zaidi hufanya sehemu kubwa ya kazi, na utepe huzuia matabaka yasisogee wakati wa kumwaga. Utepe wa butili wenye gundi pande zote mbili, uliowekwa kati ya matabaka, ni bora kuliko utepe wa juu, kwa kuwa mchanga na maji ya zege hauwezi kuufikia. Aliye na fedha kidogo aongeze upana wa mpishano kabla ya kuongeza ubora wa utepe, na ahakikishe kwamba nondo hazitoboi nailoni.

Kupima kabla ya kufunika

Katika nyumba za Kanada zinazojengwa kwa mpango wa R-2000, ulio wa nyumba zinazookoa nishati, uvujaji hauruhusiwi kuzidi mara 1.5 ya ujazo wa nyumba kwa saa chini ya shinikizo la paskali 50, na kiwango cha Passive House, kile kikali zaidi cha nyumba zinazotumia nishati kidogo sana, ni mara 0.6. Kipimo hufanywa kwa feni inayofungwa mlangoni. Wengi hupima nyumba ikishakamilika, wakati ambapo utepe umeshafichwa na kosa lolote haliwezi kurekebishwa bila kuvunja. Ni afadhali kupima mara moja kuta zikiwa bado wazi, lakini kwa tahadhari: feni ikivuta hewa kutoka ndani, nailoni isiyo na bodi mbele yake hutuna kuelekea chumbani na kuzichomoa pini za stepla, na utepe unabanduliwa kwa mwelekeo uleule usioupenda. Pale kizuizi cha hewa kilipo upande wa nje, kwenye mbao zilizobandikwa utepe, tatizo hilo halipo. Kipimo kinaweza kufanywa mapema kabla nailoni haijawekwa kabisa, na mtu akapita na moshi mwembamba kwenye kila kiungo, akarudia kwa rola pale moshi unapotikisika. Pale nailoni ya ndani ndiyo inayotegemewa, shinikizo lipunguzwe hadi kiasi kidogo kinachotosha kuonyesha mahali hewa inapopita, na ukaguzi uanzie kwenye masanduku ya swichi.